Punguza Redio Yako

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na paa la chumba changu limeanza nayo. Nimetega sufuria. Baba chumbani kwake ametega ndoo. Asubuhi tumekunywa chai tukisikiliza matone yakipokezana, kisha mimi nikaenda kazini na yeye akabaki akisubiri nifike ili anipigie simu.

Hili linahitaji maelezo. Mimi ni mpokea simu wa kipindi cha asubuhi redioni. Mtangazaji wetu, ambaye wasikilizaji wamembatiza Jogoo, anatoa mada, watu wanapiga, mimi napokea, nauliza jina na hoja, halafu ama namrusha mtu hewani ama namwacha aning'inie. Baba ni fundi bomba mstaafu na hupiga karibu kila siku. Lakini kituo kina sheria: ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi hewani. Sheria hiyo ilikuja baada ya mke wa mlinzi kushinda seti ya sufuria kwenye chemsha bongo, na wiki iliyofuata shemeji yake akashinda mifuniko. Kwa hiyo baba anaitwa Mzee Koki, na mimi simjui.

"Habari za asubuhi, hapa ni kituoni."

"Nzuri, mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama, mzee. Nani mwenzangu?"

"Mzee Koki."

"Karibu, Mzee Koki. Leo una hoja gani?"

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemmiminia chai. Hacheki hata kidogo. Mimi ndiye huuma midomo.

Mada ya leo ilikuwa barabara. Baba alisema barabara haiharibiwi na mvua, inaharibiwa na mtu aliyeijenga huku akijua mvua itakuja. Jogoo alicheka hewani mpaka akakohoa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mada: je, vijana wa siku hizi ni wavivu? Waliopiga wote ni wazee. Vijana nadhani walikuwa kazini, au walikuwa wanatafuta kazi, au hawakuwa na salio.

Ijumaa, 8 Machi

Unga umepanda tena. Kwenye foleni dukani mama mmoja aliitambua sauti yangu akaniuliza, "Wewe wa redio, hali unaionaje?" Nikamwambia mimi siioni, naisikia tu. Alidhani namkejeli, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Mimi siasa sina. Siasa zina wenyewe, na wenyewe wananipigia kila asubuhi. Mmoja anasema bei imepandishwa na vita vya mbali, mwingine mafuta ya magari, mwingine dhambi zetu. Nimewasikiliza kwa muda mrefu kiasi kwamba namjua mtu kwa namna anavyosafisha koo. Anayeanza na "mimi si mwanasiasa" huyo hatanyamaza. Anayeanza na "kwanza nikipongeze kituo" anataka kumsalimia mkewe. Mwenye shida ya kweli huwa hajui aanzie wapi, na muda wake huisha akiwa bado anatafuta pa kuanzia.

Mimi siruhusiwi kuwa na maoni ninapokuwa kwenye simu. Nyumbani baba ana maoni ya kututosha sote wawili. Daftari hili ndilo pekee linaloniuliza, na hata lenyewe sijalijibu sana.

Jumanne, 12 Machi

Bosi ametuita ofisini kwake. Kituo kimepata mkataba wa matangazo kwa msimu mzima wa kampeni. Aliyeutoa ni Mheshimiwa wetu, anayegombea tena kiti chake, na ambaye pia ndiye mwenye kinu cha unga. Tangazo lina watoto wanaoimba. Litapigwa baada ya kila simu.

"Hatumkatazi mtu kusema," bosi akasema. "Tunachagua tu la kusikika. Habari za bei ya unga tuzipumzishe kidogo."

Jogoo akauliza, "Na mtu akipiga akang'ang'ania?"

"Laini yake ni mbaya. Redio yake ina kelele. Nyie ndio mnaojua, mimi nifundishe nini?"

Tunajua. Mtu akipiga huku redio yake ikinguruma pembeni, sauti yake inamrudia na hewani panakuwa mwangwi mtupu. "Punguza redio yako" ndiyo sentensi ninayoisema zaidi kuliko zote duniani, kuliko hata habari za asubuhi. Miaka yote nimeisema kwa haki.

Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga. Mdogo wangu yuko chuoni na ada ni mimi, chakula ni mimi, na paa hilo likipata mabati mapya itakuwa mimi. Mtumikie kafiri upate mradi wako, wahenga walishasema, ingawa hawakusema utajisikiaje ukiwa njiani kurudi nyumbani.

Jumatano, 13 Machi

Imekuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Watu wanaamini upesi sana kwamba kosa ni la redio yao. Wanaomba radhi kabla sijawakata.

Alhamisi, 14 Machi

"Habari za asubuhi, hapa ni kituoni."

"Nzuri, mwanangu. Mzee Koki hapa. Leo nina hoja ya unga."

Nilijua siku hiyo ingefika.

"Mzee, punguza redio yako, inaleta mwangwi."

"Nimepunguza."

"Bado, mzee."

Nikakata.

Jioni tunakula, akasema bila kuniangalia, "Yule dada wa kituo chenu leo kanikatia simu."

"Labda redio ilikuwa juu, baba."

"Labda. Na masikio yangu haya, najuaje?"

Nikamwongezea mboga.

Ningeweza kumwambia. Lakini ukiacha hiyo ya Mzee Koki, baba hajawahi kutunza siri. Kabla chakula hakijapoa mtaa mzima ungejua kwamba kituo kimenunuliwa, na kesho yake bosi angejua habari imetoka nyumba gani. Bora aamini kwamba tatizo ni redio, redio haiwezi kuumia moyo.

Jumatatu, 18 Machi

Baba ameipeleka redio chumbani kwake na kuizika kabatini chini ya makoti. Akapiga simu kutoka sebuleni. Unga. Nikamwambia bado inasikika.

Jumanne, 19 Machi

Ameizima kabisa, akatoa na betri. Nikamwambia pengine ni ya jirani.

Hilo sikulipanga, limenitoka tu.

Ijumaa, 22 Machi

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni Mama Pacha. Mdomo wake hauna breki. Ukinunua samaki, atauambia mtaa kabla hujampaa magamba. Sijawahi kumpenda na nilidhani naye hanipendi.

Baba alimwendea na kumwomba azime redio yake wakati wa kipindi, ili yeye apate kupita hewani. Nilitegemea vurugu. Mama Pacha akazima palepale. Kisha akavaa kandambili, akaenda kwa fundi viatu wa mlango wa tatu, akaenda kwa wale wanafunzi waliopanga kule mwisho, akaenda mpaka kwa yule mama asiyesalimia mtu, akawaambia wote: "Mzee anataka kutusemea habari ya unga, na redio zetu zinamzuia. Zimeni."

Wamezima, safu yetu nzima ya nyumba.

Jumanne, 26 Machi

Nimekutana na Mama Pacha bombani. "Siku hizi hatukisikilizi kipindi chenu, mdogo wangu, usichukie," akaniambia. "Tunazima mpaka mzee apite. Akishapita tutawasha."

Nikaingia chumbani nikacheka peke yangu. Mheshimiwa ananunua masikio ya watu kwa bei ghali, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nimemfungia safu nzima. Vyama vya upinzani vyote havijaweza hivyo.

Kisha nikamsikia baba akikohoa upande wa pili, nikaacha kucheka.

Alhamisi, 28 Machi

Nataka kuiandika siku hii taratibu.

Mvua ya leo haikuwa ya mchezo. Kazini nilifika na viatu mkononi. Mada aliyowekewa Jogoo ilikuwa "Umuhimu wa kupanda maua", na simu zilikuwa chache, kwa hiyo iliyoita niliipokea haraka. Kabla mtu hajasema kitu nilisikia maji yakimwagika.

"Mzee Koki hapa, mwanangu."

"Mzee, uko wapi?"

"Niko nje kabisa, huku nyuma kwenye tangi. Hapa hakuna redio hata moja, sikiliza mwenyewe."

Nikasikiliza. Ilisikika mvua, na chini ya mvua pumzi yake. Tangi letu liko mbali na nyumba na halina hata kibanda. Baba ni mtu wa miaka sabini na kitu. Nilipaswa kusema, baba, ingia ndani. Lakini mpokea simu hamwambii Mzee Koki aingie ndani kwa sababu hamjui, na pembeni yangu alikuwa amesimama bosi akijaza kikombe chake chai.

Nikasema, "Mzee, laini yako ina mvua."

Naliandika kama nilivyolisema.

"Sawa," akajibu. "Nitasubiri ikatike."

Bosi alikuwa bado anatafuta sukari. Nikamweka baba pembeni, nikapokea simu nyingine. Mwanamume mmoja alitaka kusema waridi linahitaji jua. Mwanamke mmoja alipongeza kituo, akamsalimia mumewe. Tangazo la unga likaimbwa na watoto wale. Bosi alipoondoka nikarudi kwenye laini ya baba nikiwa na hakika kwamba ameshakata.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Bado haijakatika, lakini nipo."

Nilimwambia kipindi kimekwisha. Kilikuwa hakijakwisha.

Nimerudi nyumbani nimemkuta amejifunika blanketi, nguo zake zimetundikwa jikoni zinatiririka. Nilimpikia uji. Aliniuliza siku yangu ilikuwaje. Nikasema ya kawaida.

Naona aibu. Sijawahi kuandika neno hilo humu, nimelitazama muda na naliacha.

Jumanne, 2 Aprili

Baba ana homa na kichomi. Daktari ameweka chombo mgongoni, akasikiliza, akasema mapafu. Dawa, joto, asitoke nje hata kidogo. "Na aache kuongea sana," akaongeza.

Baba akamuuliza kama kupiga simu ni kuongea.

Ijumaa, 5 Aprili

Mheshimiwa alikuja studio. Alitushika mikono sote, mpaka mlinzi. Mkono wake ni laini na hana haraka; anakutazama usoni kana kwamba mlikua pamoja. Hewani alisema bei ya unga inamnyima usingizi na anawapa wananchi pole. Simu ziliita bila kupumua. Wote niliwaambia wapunguze redio zao.

Alipoondoka dereva wake alimwachia kila mfanyakazi mfuko wa unga. Nimeubeba mpaka nyumbani. Ningeuacha wapi?

Baba, akiwa kitandani, aliutazama ule mfuko wenye picha ya kinu.

"Umeupata wapi?"

"Tumepewa kazini."

"Ahaa. Basi kuna watu bado wanapewa."

Tukala. Ni unga mzuri, siwezi kuusingizia.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama Pacha ameleta supu, amefua mashuka ya baba, amemwambia mtaa mzima kwamba anaumwa mapafu. Watu wamekuja kumpa pole tangu asubuhi. Nimeanza kuelewa kwamba mdomo usio na breki una kazi yake.

Jumanne, 9 Aprili

Jogoo alinifuata kwenye korido. Hewani sauti yake inaweza kusukuma gari. Kwenye korido ni mtu mdogo mwenye sweta lililochakaa viwiko.

"Mzee Koki yuko wapi siku hizi?"

"Nasikia anaumwa."

Akatikisa kichwa. "Kipindi kimekuwa uji usio na sukari. Mke wangu mwenyewe ameacha kunisikiliza. Anasema nazungumza kama mtu anayesomewa mashtaka." Akanitazama kidogo. "Ni baba yako, sivyo? Mnasema 'eeh' kwa namna moja."

Hakungoja jibu. "Mimi nasoma ninachowekewa mezani, dada," akasema, akaenda zake. Miaka yote nilimwona mtu wa majivuno. Leo nimemwona ni mwoga kama mimi, na nimempenda zaidi kidogo.

Alhamisi, 11 Aprili

Kipindi kilikuwa katikati. Mada: usafi wa mazingira. Simu ikaita, na kabla sijamaliza salamu nikaisikia sauti iliyobaki ya baba. Haikuwa nyingi.

"Mzee Koki, mwanangu. Niko kitandani. Nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Redio yangu nimezima. Mama Pacha kazima. Fundi viatu kazima. Watoto wameambiwa wanyamaze na wamenyamaza." Akapumua. "Sasa dada, niambie mwenyewe. Imebaki redio ya nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Angenikasirikia ningekuwa na la kufanya. Aliuliza kama fundi anayetaka kujua tatizo liko wapi ili alitengeneze hata kama liko kwake.

Nikatafuta uongo mwingine, nikakosa. Kusema kweli ulikuwepo, uongo hauishi, lakini kila niliouokota nilimwona akiutii. Ningesema blanketi lina kelele angelitupa. Ningesema kitanda kinalia angelala sakafuni. Ningemuua baba yangu kwa maelekezo, naye angenishukuru.

"Hakuna, mzee," nikasema. "Haijabaki redio ya mtu. Uko hewani."

Nikamrusha.

Jogoo alishtuka nyuma ya kioo cha studio. "Mzee Koki!" akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kile kitufe cha kukatia.

"Sina mengi," baba akasema. "Unga unapanda tangu mvua zianze, na anayeusaga ndiye anayetuomba kura. Simlaumu kuuza, mfanyabiashara huuza. Namlaumu kuja kutupa pole kwa bei aliyoipanga yeye. Mtu hawezi kukukanyaga, halafu akiwa bado amekukanyaga akakuuliza unaumwa kidole gani."

Jogoo alinitazama. Mimi nikamtazama. Akauondoa mkono kwenye kitufe, akashika kikombe cha chai kilichokuwa tupu, akanywa.

"Endelea, mzee," akasema.

"Nimemaliza. Nilikuwa na mengine nimeyasahau kwa kungoja. Namshukuru dada wa kituo kwa kunivumilia."

Halafu watoto wakaimba habari za unga.

Bosi hakupiga kelele. Simu yake ya mezani ilikuwa imeshaita mara kadhaa, na alionekana mtu aliyepigiwa kelele za kutosha yeye mwenyewe. Aliniuliza aliyepiga ni nani. Nikamwambia ni baba yangu. Sheria ya ndugu nayo nilikuwa nimeivunja muda mrefu, nikaona zote zizikwe siku moja. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike mpaka watakaponiita. Namjua, na najua wito huo hautakuja. Maji yamezidi unga, na ada ya mdogo wangu bado iko palepale. Nimeogopa njia nzima.

Nilipofika, mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka watu wanasemezana kwa kupiga kelele. Barazani kwetu walikuwa wamejaa: Mama Pacha na pacha wake, fundi viatu, wale wanafunzi, hata yule mama asiyesalimia mtu. Wote wakanigeukia.

"Amepita?" Mama Pacha akauliza.

"Amepita."

Wakashangilia. Fundi viatu akapiga makofi. Kisha Mama Pacha akauliza lile ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja tangu nitoke kazini.

"Enhe, amesema nini?"

"Hamkusikia?"

"Tungesikiaje? Si tulizima?"

Wala kupitia ukutani hawakusikia, kwa kelele za mvua kwenye mabati haya. Nikaingia ndani kwa baba. Alikuwa macho, ameegemea mito, uso wake umetulia. Nikamwambia watu wanauliza amesema nini. Akafungua mdomo, haikutoka sauti hata chembe. Akagusa koo, akatabasamu, kisha akaninyooshea kidole.

Kwa hiyo aliyesikia katika safu yote nilikuwa mimi peke yangu.

Nikarudi nikasimama mlangoni. Wakanyamaza, na pacha wakakaa chini. Kazi yangu siku zote ni kuwapa wengine nafasi ya kusema, na mikono yangu haikujua iwekwe wapi. Nikapaza sauti juu ya mvua, nikayasema ya baba kama alivyoyasema: mwenye kinu, kura, pole, kidole. Hayakuwa mengi. Yalipokwisha walikuwa bado wananitazama, na mimi nilikuwa bado nasema, sasa ya kwangu.